Makofi Baadaye: Bi Vidole Anapanda Jukwaa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Vidole anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe 30 Juni. Sisi wenzake wa chumba cha mazoezi ya viungo tumeshindwa hata kumaliza chai ya asubuhi kwa hamu, na sababu yake mtaiona kwa macho yenu hivi punde.

Alianza kazi akiwa msaidizi wa wodi ya mifupa, akisukuma vitanda na kutandika mashuka. Siku zile aliyevunjika mguu alikabidhiwa magongo kama mtu anayeazimwa mwavuli: haya, shika, nenda zako. Wengi walirudi mikono imekufa ganzi kwa sababu walikuwa wakining'inia kwa makwapa. Bi Vidole aliona, akakereka, akaomba kwenda masomoni. Aliporudi alipewa chumba cha mwisho wa korido, na hajatoka humo mpaka leo.

Jina alipewa na wagonjwa. Kila aliyesimama mbele yake na magongo alipenyezewa vidole viwili kati ya gongo na kwapa. Visipopita, gongo ni refu. Vikicheza, ni fupi, na skrubu zinafunguliwa upya. Kisha alikagua kishikio kama kiko usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kama kimekunjika kidogo, na mipira ya chini kama haijalika. Uzito ni kazi ya viganja, alihubiri kutwa kucha, kwapa liacheni lipumzike. Meneja wa benki na muuza mitumba wote waliipata hotuba hiyo, na wote walifokewa sawasawa.

Hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kupanda na kushuka ngazi za nyuma ya chumba. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, hutangulia magongo na mguu mgonjwa. Ndipo akatokea kinyozi mmoja, mtu wa mbwembwe, aliyefika juu huku wanawe na wakwe zake wakimpigia makofi. Akanyanyua mkono kuwapungia. Gongo likaanguka, naye akalifuata. Bahati njema alimwangukia shemeji yake mnene, na kilichoumia ni heshima ya shemeji tu. Tangu siku hiyo sheria ikawa "makofi baadaye", na ndugu wa mgonjwa waliamriwa kuikalia mikono yao mpaka mgonjwa aketi.

Adui yake mwingine alikuwa zulia dogo la mlangoni. Aliwaagiza wagonjwa wote wayakunje mazulia yao na kuyaficha, na nusu ya nyumba za mji huu hazina zulia kwa ajili yake. Sasa mnadhani yeye mwenyewe aliteleza kwenye nini, wiki tano zilizopita, akavunjika mguu? Mume wake, dereva mstaafu, ametusihi tusiseme. Tunasema: zulia la mlangoni, lenye maua ya waridi, alilolichagua mwenyewe dukani.

Tumehudumia wakaidi wengi, lakini huyu amevunja rekodi. Alitaka kujipima mwenyewe. Tulipomkatalia, akasimama akiwa ameegemea makwapa, vilevile kama wale aliokuwa akiwafokea, na mimi niliyefundishwa naye nikampenyezea vidole viwili bila huruma. Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka tukamkalisha.

Kwenye ngazi hakucheka. Alisimama kwenye ya kwanza, akatwambia hakujua kumbe watu wake walikuwa wanaogopa kiasi hiki. Alilia. Tukagawana kitambaa, maana na mimi nilikihitaji.

Uongozi ulimpendekezea apokee zawadi yake leo akiwa kwenye kiti cha magurudumu, hapa chini. Jibu lake limefika mpaka jikoni: hakuna mgonjwa wake aliyekwenda nyumbani bila kupanda, na yeye haendi. Jukwaa hili lina ngazi nne. Mazoezini amezimudu tatu. Ya nne bado inamshinda, na leo ataijaribu mbele yetu sote.

Bi Vidole, asante kwa kutufundisha kazi, kwa kutufokea, na kwa kurudi asubuhi ya pili baada ya kulia. Tunakuombea mapumziko marefu, afya tele, sakafu kavu na wajukuu wasiokimbia karibu na magongo yako. Mume wako ametuahidi kuwa lile zulia limeshatupwa.

Nanyi wageni wetu, jina lake litakapoitwa, tafadhalini ikalieni mikono yenu. Nitakuwa nyuma yake, na sitamgusa asipohitaji. Akiishia ya tatu, tutasubiri. Hatuna haraka leo. Lakini akishafika juu, akageuka, akaketi, na magongo yakalazwa chini, basi pigeni makofi mpaka wagonjwa wa wodini waulize kuna nini.