Rada Anapiga Hewa

Benchi letu limeegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha gemu, chini kabisa ya dirisha. Ukikaa hapo huoni kilichomo ndani. Unaona barabara, na milio yote ya ngumi inakujia kisogoni. Jioni hiyo ndani walikuwa Rada na Msumari. Rada hupokea simu hospitalini, na haoni tangu utotoni. Msumari ndiye bingwa wa mtaa kwenye gemu ya kupigana. Mwenye chumba, tunayemwita Bosi, alikuwa ametoa sharti mbele ya watu: raundi tatu. Rada akimshinda Msumari, anaingia timu ya mtaa. Akishindwa, asiombe tena, maana Bosi hataki mtaa wa pili uwacheke kwenye mashindano ya Jumamosi. Nje tulikuwa na chupa moja ya kahawa. Alikuwepo Jaji, ambaye hajawahi kuwa jaji ila aliwahi kuitwa shahidi. Betri huchaji simu za watu, na mwenyewe haishiwi chaji. Soli ni fundi viatu. Pembeni yake alikaa mteja wake, mama mmoja mgeni, kavaa kiatu kimoja akisubiri cha pili.

BETRI: Raundi ya kwanza kachukua Msumari. Niliwaambia.

SOLI: Kwani umeona?

BETRI: Nimemsikia akicheka.

JAJI: Kesi nyepesi hiyo. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Macho yako wapi? Kichwani. Nimemaliza.

SOLI: Na masikio yako wapi, Jaji? Magotini?

JAJI: Usiidharau mahakama.

BETRI: Lakini wiki iliyopita alimkung'uta shemeji yangu. Shemeji karuka, kadakwa hewani. Karuka tena, kadakwa tena. Siku hizi hata dimbwi haruki, analizunguka.

SOLI: Kila pigo lina mlio wake, bwana. Kaniambia mwenyewe. Mpiganaji akiruka anaguna. Akiwa kulia, inaguna spika ya kulia. Akiwa kushoto, ya kushoto.

BETRI: Hiyo ndiyo hadithi anayowapa mafundi viatu. Mimi nasema hospitalini wamemtia kitu sikioni. Mtu anapokea simu kutwa nzima. Mnadhani zote zinatoka kwa wagonjwa?

SOLI: Zinatoka kwa nani?

BETRI: Hapo sasa! Hata wewe umeshtuka.

JAJI: Ninyi nyote mmepotea. Rada anaona.

SOLI: Anaona?

JAJI: Kidogo. Ninao ushahidi. Jana nilimpungia mkono pale kona. Hakujibu. Kimya! Akanipita kama nguzo.

MAMA: Si kwa sababu haoni?

JAJI: Mama, ndivyo anavyotaka tuamini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama alikitazama kiatu chake mkononi mwa Soli. Ndani tukasikia *fyu*. Halafu kimya. Halafu *fyu* tena, na sauti ya Msumari: "Unampiga nani? Mimi niko huku!"

BETRI: Anapiga hewa! Jamani, anaua mbu!

JAJI: Nilisema.

SOLI: Ulisema anaona.

JAJI: Anaona mbu.

BETRI: Timu ya mtaa hiyo! Tutawapelekea watu muua mbu!

*Fyu. Fyu. Ko!* Na baada ya hiyo *ko* zikamwagika ngumi mfululizo kama mahindi yanayomwagwa kwenye bati. Msumari hakucheka. Muda si muda kichwa cha Rada kikatokeza dirishani juu yetu, mkono umenyooshwa.

RADA: Nipeni kahawa. Raundi ya pili yangu.

BETRI: Kwanza tuambie, kwa nini unapiga hewa?

RADA: Napiga hodi, Betri. Kuruka kuna mlio, teke lina mlio, kutembea hakuna. Msumari kagundua. Raundi ya kwanza kanyata mpaka kanikamata kiuno, kanibwaga chini, tena na tena. Sasa nabisha hodi. *Fyu*, mwenye nyumba hayupo. *Ko*, yuko mlangoni. Navunja mlango.

SOLI: Umejifunzia wapi?

RADA: Kwa kupigwa. Mwezi mzima nimekaa na mashine peke yangu, nasikiliza pigo moja moja la mpiganaji wake. Nayajua yote. Kuna mlio mmoja tu siujui, unatoka hapa dirishani, na haumo kwenye gemu.

SOLI: Mlio gani?

RADA: Jaji.

JAJI: Mahakama haifungwi mdomo!

RADA: Raundi moja tu, mzee wangu. Imebaki hiyo hiyo. Nikiikosa timu kwa sababu yako, nitakuja kukaa benchi hili kila jioni, ubavuni kwako, nikueleze pigo moja moja.

Jaji akasogeza kikombe chake karibu na kifua. Hakuna aliyewahi kumtisha hivyo.

Tukanyamaza. Betri alijaza kahawa mdomoni na hakuimeza, ili asipate nafasi ya kusema. Nyundo ya Soli ilibaki juu. Kwa mara ya kwanza tuliisikia gemu yenyewe. *Fyu. Fyu. Ko!* Ngumi, teke, mtu anagumia. Kimya kirefu, Msumari ananyata. *Fyu.* Halafu kwenye spika ya kushoto, mguno mdogo.

"Anaruka! Kushoto!"

Alikuwa Jaji. Alipiga kelele akiwa ameikodolea macho barabara. Palepale likafuata pigo moja zito, mwili ukaanguka, na mashine ikamtangaza mshindi. Kahawa ya Betri ilitoka yote kwa wakati mmoja.

Msumari alifika dirishani kabla ya Rada.

MSUMARI: Kaambiwa! Huyu mzee kaona, kamwambia!

Bosi akasogea nyuma yake.

BOSI: Kama mwenye macho kamsaidia, raundi hiyo haihesabiki. Na Rada timu hana.

Rada alisimama ndani, kidhibiti cha gemu bado mkononi. Aliyeongea ni yule mama.

MAMA: Samahani, mzee. Tangu nifike, mgongo wako uko dirishani. Uliona, au ulisikia?

Jaji alikitazama kikombe.

JAJI: Swali hilo halina msingi.

BETRI: Jibu, Jaji.

JAJI: Mwenye macho haambiwi...

Akaiacha methali njiani. Miaka yote niliyokaa pale sijamwona akiacha methali njiani. Akasema kitu kwenye kikombe.

RADA: Kwa sauti, Jaji. Wengine hatuoni midomo.

JAJI: Nilisikia.

BOSI: Nini?

JAJI: Nilisikia! Kaguna, upande wa kushoto! Hata kiziwi angesikia!

Bosi akamgeukia Msumari.

BOSI: Umesikia? Hata kiziwi. Basi hakuna siri iliyotolewa. Rada, Jumamosi usichelewe.

Msumari aliondoka dirishani. Ndani, Rada aliomba raundi nyingine, ya kujifurahisha tu, na mlio wa *fyu* ukaanza upya. Betri akaiinamisha chupa juu ya kikombe cha Jaji. Lilitoka tone moja. Jaji alilisubiri lifike chini, kisha akatuinamia ili dirisha lisisikie.

"Ila ule mkono wa jana," alisema, "aliuona."