Bi Mwanamkuu Uledi na Baraza Yake ya Hewani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetupa dada na leo amemtaka arudi kwake. Ndugu, jamaa, majirani wa Mtaa wa Sikukuu na nyote mlioketi chini ya turubai hili, asalaam aleykum. Mimi ni Rajabu Uledi, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kumsoma dada yangu mbele yenu, na nimeonywa nisirefushe. Nitajitahidi, ingawa tunayemzika leo hakuwahi kufupisha salamu hata siku moja, na nyote mnajua hivyo kwa sababu amewachelewesha nyote.

Bi Mwanamkuu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, hapa hapa mlipoketi, wakati huo pakiwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na baraza ya saruji mbele yake. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Uledi Twaha, fundi seremala, na Bi Swaumu binti Safari. Sisi wadogo zake tulimkuta ameshakuwa mkubwa, na ukubwa huo hakuuachia hadi jana.

Alisoma Kurani chuoni hapa mtaani, kisha Shule ya Msingi Mnazi Mmoja kuanzia mwaka 1960 hadi 1967. Mama alikuwa akisimulia kwamba akimtuma nazi sokoni, wali ulikuwa ukiungua. Njiani kulikuwa na baraza kila nyumba, na kila baraza ilikuwa na wazee, naye hakuwapita bila kumpa kila mmoja shikamoo yake, kumuuliza mgongo unaendeleaje, na kungoja jibu. Mama alimchapa mara mbili tatu, akaona haisaidii. Akaanza kumtuma nazi kabla hajabandika maji.

Baada ya shule alijifunza cherehani, akashona nguo za watu kwa miaka mingi. Mwaka 1986 alifungua duka la kanga katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na pale barazani ndipo wengi wenu mlipomfahamu. Kwake mteja hakuanza na bei. Alianza na habari za kwao. Kuna watu waliokuja kununua doti moja wakaondoka na dawa ya kikohozi na mchumba wa mtoto wao, kanga wakaisahau. Wapita njia wasionunua chochote nao walisalimiwa, na wengine walipita kwa ajili hiyo tu.

Tarehe 22 Novemba 1975 alifunga ndoa na Bwana Bakili Safari, mfanyakazi wa Posta, mtu wa Mchikichini, mpole kupita kiasi isipokuwa katika jambo moja. Redio ya nyumbani haikuguswa na mtu ila yeye. Ilikaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mpira ukitangazwa hata kikohozi kilikuwa kosa. Dada alikaa katika ndoa hiyo zaidi ya miaka thelathini bila kuzungusha kile kitufe. Walijaliwa watoto wawili, Sitara na Uledi. Shemeji alifariki mwaka 2009. Baada ya eda kwisha, dada aliivua redio kile kitambaa, akazungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi tena mwanzo, akasema, "Kumbe yote haya yalikuwemo humu!"

Mwaka 2013 familia ilikubaliana na mjenzi. Nyumba ikavunjwa, likasimama hili ghorofa mnaloliona, na sisi tukapewa sehemu yetu. Dada akaingia ghorofa ya nne mwaka 2015 pamoja na Sitara. Ilikuwa nyumba nzuri, ya vigae, yenye bomba la maji jikoni. Ila ghorofa ya nne haina mpita njia. Dada alikuwa akiweka kiti karibu na mlango, mlango wazi, akingoja mtu apite. Wanaopita kule juu huwa wanakwenda kwao, na huwa wanakimbia. Duka halikuwepo tena, magoti yalikataa ngazi, na yule mwanamke wa maneno mengi akaanza kunyamaza. Sitara alinipigia simu akasema, "Mjomba, mama leo kutwa nzima hajaongea na mtu ila mimi, na mimi mwenyewe nilikuwa kazini." Tuliogopa. Nasema wazi kwamba tuliogopa kuliko tulivyoogopa baadaye alipougua figo, kwa sababu figo zina dawa.

Ahueni ilianzia dukani kwa wauza vifaa vya umeme, hapo chini. Dada alikuwa amekaa kwenye stuli yao akipumua kabla ya kuzikabili ngazi, akamwona mama mmoja ananunua waya wa shaba, mizunguko kwa mizunguko.

"Waya wote huo, mwenzangu, unataka kuanika nini?" akamuuliza.

"Sianiki nguo, dada. Ni wa redio. Naongea na watu."

"Watu gani?"

"Wowote watakaoitika."

Huyo ni Mwalimu Euphrasia, mwalimu mstaafu wa fizikia anayekaa Ilala, aliyeketi pale mbele na kitambaa cheupe. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, yaani mtu anaruhusiwa kuwa na mtambo wake nyumbani na kuzungumza na wenye leseni wenzake popote walipo, bila biashara na bila malipo, kwa kupenda tu. Jioni hiyo dada alipanda ngazi bila kupumzika ghorofa ya pili, akatutangazia kwamba na yeye anaitaka hiyo leseni.

Tulimcheka. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mwanawe Uledi akamwambia, "Mama, simu si unayo? Unaweza kumpigia mtu hata Muskati." Dada akamjibu, "Simu nampigia ninayemjua. Hii nitampigia nisiyemjua. Ninaowajua nimeshawasalimu wote."

Basi Mwalimu Euphrasia akawa anakuja kila Jumamosi, wakaketi kwenye meza ya kulia na masomo ya umeme na mawimbi. Wa kwanza Mkatoliki wa Bukoba, wa pili Mswahili wa Kariakoo, na pilau katikati. Dada alielewa haraka kuliko tulivyotegemea, ila waya wa antena alikuwa akiupima kwa mkono, kama kitambaa, na Mwalimu alikuwa akirudia nyuma yake na futi kamba. Mtihani wa kuandika alifaulu mara ya kwanza.

Mtihani wa vitendo ndio uliomwangusha. Alipewa kipaza sauti katika chumba kimoja, na msimamizi, kijana mstaarabu, akakaa chumba cha pili na redio yake. Kanuni ya hewani ni kwamba mtu aanze kwa kutaja jina lake la hewani, zile herufi na tarakimu anazopewa kila mwenye leseni, ili ijulikane nani anasema. Siku ile alipewa la mtihani. Dada akabonyeza kitufe akasema, "Asalaam aleykum. Hujambo mwanangu? Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Mama yako mzima?" Yule kijana akajisahau, akajibu, "Shikamoo bibi, mama anasumbuliwa na miguu." Dada akasema marahaba, akamwelekeza namna ya kukanda miguu kwa mafuta ya karafuu, na muda wa mtihani ukaisha palepale.

"Bibi, hukusema wewe ni nani," kijana akamwambia kwa masikitiko.

"Mwanangu, mtu anaanzaje kujitaja hata hajasalimu?"

Alirudi nyumbani amenuna. Hakumlaumu kijana, alikuwa ameshika sheria yake. Ila alilia, na hatukuzoea kumwona akilia. Alimwambia Sitara, "Nikikosa hii, nitabaki naangalia mlango." Tangu siku hiyo hakuna tena aliyecheka.

Tukaingia mazoezini familia nzima. Ukibisha hodi, unasikia kutoka ndani, "Hapa Mwanamkuu, Kariakoo, nakusikia vizuri, ova." Neno hilo maana yake nimemaliza kusema, nangoja jibu lako. Likaenea nyumba nzima. "Sitara, nisogezee chumvi, ova." Ukigombana naye ukadakia kabla hajasema ova, unaambiwa hujapewa zamu. Mwaka uliofuata alirudi kwenye mtihani, akajitaja kwanza kama sheria inavyotaka, kisha akasalimu, na tarehe 6 Juni 2018 akapewa leseni yake na jina lake la hewani, akiwa na miaka sitini na mitano. Aliitia leseni kwenye fremu akaitundika karibu na mlango, juu ya picha ya harusi, na naamini shemeji angekubali.

Waya ukafungwa darini, juu ya paa, baina ya matangi mawili ya maji. Wiki ya pili sauti yake ikafifia, akapanda na magoti yake yale, akakuta jirani wa ghorofa ya tatu, muuza mitumba, ameanika juu ya waya huo makoti ya baridi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tulidhani patachimbika. Alishuka, akampelekea kamba ya kuanikia na sahani ya kaimati, wakamaliza kwa kuulizana habari za watoto.

Tangu hapo, kila siku saa kumi na moja jioni, dada alifungua baraza yake. Aliitika Abdulmalik wa Tanga, waliitika watu wa Lindi na wa Mwanza, na hali ya hewa ikikubali aliitika mtu wa Muskati. Waliozoea mambo hayo huambiana sauti inafikaje na mvua imenyesha wapi, basi. Kwa dada lazima kila mmoja aulizwe habari za nyumbani, na naye aulize. Wapo walioona anapoteza muda wa hewani, na walimwambia.

Aliyekuwa hakosi ni Mzee Hamood wa Pangani, mjane anayeishi peke yake. Akiulizwa habari za nyumbani, hutaja kuku wake mmoja mmoja, kisha humuuliza dada magoti, kisha Sitara, kisha ngazi. Jioni moja ya Agosti 2022 dada alimuuliza kama kawaida, naye akajibu, "Nzuri." Akanyamaza. Dada akangoja. Wenzake wakaanza mazungumzo mengine, akawakatiza.

"Nisameheni. Hamood hajaniuliza."

"Bi Mwanamkuu, si amesema nzuri?" akauliza Abdulmalik.

"Amejibu, hajauliza. Mtu mzima wa Pangani anaulizwa habari za nyumbani halafu harudishi? Huyo si mzima. Nani ana mtu Pangani? Ova."

Simu ya Mzee Hamood iliita bila kupokelewa. Abdulmalik alikuwa na shemeji yake huko, akampigia, na shemeji huyo akaenda. Alimkuta Mzee Hamood amekaa kitini, kipaza sauti mapajani, mdomo umekwenda upande. Kilikuwa kiharusi. Alifikishwa hospitali mapema, na madaktari walifanya kazi yao, Mwenyezi Mungu awalipe. Baada ya hapo hewani hakuna aliyelalamika tena kwamba Bi Mwanamkuu anarefusha salamu.

Dada alianza kusumbuliwa na figo mwanzoni mwa mwaka 2024. Aliyapokea maradhi kama alivyopokea wateja, kwa kuyaulizia yametoka wapi. Wauguzi walimpenda, wakamlalamikia kwamba zamu yao haiishi. Katika miezi yake ya mwisho sauti ilikuwa ndogo, na Mwalimu Euphrasia alikuwa akimshikia kipaza sauti. Juzi jioni aliwauliza wote habari zao, mmoja mmoja. Walipomaliza, Mzee Hamood akamuuliza, "Na wewe, Bi Mwanamkuu, habari za nyumbani?" Dada akasema, "Nyumbani wazima. Mwenye nyumba ndiye anayeaga." Kisha akasema ova. Alifariki jana, Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, baada ya swala ya adhuhuri, kitandani kwake, Sitara akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Asubuhi ya leo mlango wa ghorofa ya nne uligongwa. Alikuwa mzee mwenye mkongojo, anahema, ametoka kwenye basi. Sitara akauliza, "Nani mwenzangu?" Mzee akataja kwanza jina lake la hewani, kama sheria inavyotaka, kisha akasema, "Ni Hamood wa Pangani. Habari za nyumbani, mwanangu?" Hawakuwahi kuonana. Sitara akasema, "Si nzuri, baba," akaangua kilio, na Mzee Hamood akalia naye pale pale mlangoni, chini ya leseni ya mama. Amekaa hapo kulia kwangu. Msimpite bila kumsalimu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Sitara na Uledi wa Kigamboni, wajukuu wanne, wadogo zake wawili, Fatuma na mimi msomaji, rafiki yake Mwalimu Euphrasia, na watu wa hewani ambao hatuwezi kuwahesabu, maana hata yeye hakuwajua wote kwa sura. Jina lake la hewani hatalitumia mtu mwingine nyumbani humu. Lakini leo saa kumi na moja Mwalimu Euphrasia atafungua baraza kwa jina lake mwenyewe, palepale mezani, na Sitara ameniambia Jumamosi anaanza masomo.

Sasa tunaondoka kwenda Kisutu. Nanyi mnajua ada, mkifika langoni mwa makaburi mnawasalimu wenyeji waliotangulia. Huwa tunaisema mbiombio huku tunatazama pa kukanyaga. Leo nawaomba, isemeni taratibu, neno kwa neno, hata jua likiwa kali. Dada anaingia kwa watu asiowajua, na maisha yake yote hakuwahi kuingia mahali bila kusalimu. Leo hawezi, basi salimuni nyinyi kwa niaba yake. Mwenyezi Mungu ampe wenyeji wema wa kumrudishia, na apumzike kwa amani. Amin.