Benchi la Upande wa Barabarani

Mbele ya kinyozi palikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana: moja limeegemea ukuta, la pili limeipa barabara mgongo. Tangu picha za bomu la sokoni, huko nchi ya mbali, zianze kuzunguka kwenye simu, wanakijiwe wote walihamia ukutani, wakabanana kama ndizi kwenye chane. Hakuna aliyeamrisha. Kinyozi mwenyewe, Mkono Mwepesi, alikuwa na siri yake: wembe ulikuwa unamcheza mkononi. Wateja aliwaambia nyembe zimekwisha.

— Tazameni tena, akasema Profesa, fundi simu. Kabla ya moshi. Mnamwona mwenye mfuko?

— Umetuonyesha tangu asubuhi, moshi ni uleule! akalalamika Mkono Mwepesi.

— Mficha maradhi, kifo humfichua, akajibu Profesa. Kila mfuko ufunguliwe.

— Mifuko imepitwa na wakati, akadakia Suruali Fupi, fundi cherehani. Siku hizi wanatega kwenye matikiti. Mimi tikiti siligusi.

— Bado umelala, akasema Profesa. Yule njiwa juu ya waya, umewahi kumwona akila? Kamera ile! Haba na haba hujaza kibaba: leo njiwa, kesho jeshi.

— Kumbe mnaogopa njiwa? akacheka Mama Birika, muuza kahawa.

— Nani aogope? Kijiwe hiki? akang'aka Profesa.

— Hata siku moja! akaitikia Mkono Mwepesi, kifua mbele, kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Akatokea mwanamke mgeni, mfuko begani. Wote wakautazama mfuko.

— Hamjambo, kaka zangu. Namsubiri mume wangu, anakuja kunyolewa. Samahani, mbona mmebanana hivyo, na benchi lile li tupu?

 

Mkono Mwepesi akainuka, akaenda kukaa upande wa barabarani. Kisogo kikamsisimka. Pikipiki ikapita ikipasua hewa; kahawa ikamwagikia suruali. Hakuhama.

— Tunaogopa, dada yangu, akasema, akashangaa kwamba neno lenyewe halikumpunguza hata unywele. Profesa, zima hiyo simu uje. Nafasi ipo.

Profesa akazima, akaja. Suruali Fupi naye, akimwangalia njiwa kwa jicho la pembeni.

Mume wa mgeni alipofika, alimkuta kinyozi akifungua pakiti ya zile nyembe zilizokwisha. Mkono ukatikisika kidogo. Akausubiri utulie, kisha akaanza.