Ludmila Hornyak na Bastola Zake za Mtumba

Marehemu dada yetu Ludmila Hornyak, ambaye wengi wenu mlimwita Millie, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Februari 1943 hapa hapa Sorrel Run, Pennsylvania, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Andrew Sabol, mchimba makaa ya mawe, na marehemu Pauline. Anayewasomea ni Emil, mdogo wake wa pekee, niliyemfuata baada ya miaka minne. Binti yake, Joanne, ameniomba nisome kilichoandikwa na nisijiweke sana mbele. Nitajitahidi. Ila kuna jambo moja ambalo dada aliniomba nimfanyie na mimi nikalifanya vibaya, na halimo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Likifika zamu yake nitalisema, na Joanne atanivumilia.

Baba yetu alikuwa na bastola moja, aliyoletewa na kaka yake kutoka vita vya Ujerumani. Ilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la jikoni. Mwaka 1954, wazazi wakiwa kanisani kwenye chakula cha parokia, marehemu aliishusha akaifungua yote vipande vipande kwenye meza ya mama. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi niliwekwa dirishani kulinda. Springi moja iliruka ikaingia nyuma ya jiko, tukasukuma jiko, tukaipata, na baba aliingia wakati dada anarudishia kipande cha mwisho. Baba aliichukua, akaikagua, akaiweka mezani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kuna kilichobaki?"

"Hakuna."

"Haya. Tangu leo utaisafisha wewe. Vidole vyangu vimekuwa vinene kwa kazi hiyo."

Mama hakusema na baba siku mbili. Lakini jioni ile ile baba alimfundisha dada utaratibu ambao aliufuata maisha yake yote. Kwanza unatoa magazini, ile yenye risasi. Kisha unavuta chuma cha juu mpaka nyuma. Kisha unatazama ndani kwa jicho, na unagusa kwa kidole. Ukianza kwa kuvuta, magazini ikiwa bado ndani, bastola hizi hujijaza zenyewe, na utakuwa umeshika bastola yenye risasi huku umeamini ni tupu. Na kila inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine inafunguliwa upya kwa utaratibu huo, hata kama aliyekupa ameifungua mbele ya macho yako. Hapa kwetu hakuna anayeudhika kwa hilo. Anayeudhika hapewi tena.

Alisoma katika shule yetu ya mjini na kuhitimu sekondari tarehe 2 Juni 1961. Aliomba darasa la mitambo, akaambiwa lile ni la wavulana, akapelekwa kwenye upigaji chapa. Alijifunza kupiga chapa vizuri tu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amezitengeneza mashine zote za darasa lile bila kuombwa. Mwalimu alimpa alama ya juu na onyo kwa pamoja.

Mwezi huo huo wa Juni aliajiriwa kiwanda cha mashati, kushona kola. Cherehani yake ilipoharibika fundi alikuwa anakawia, basi akawa anaitengeneza mwenyewe, halafu ya jirani, halafu ya safu nzima. Mwaka 1968 walimpa ufundi rasmi, mwanamke wa kwanza pale. Mafundi wenzake walikuwa wakimfichia bisibisi. Alinunua zake, akazifunga kwa mnyororo kiunoni, na akawashinda kazi mpaka wakachoka kumchokoza. Alifanya kazi pale mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1993, na baada ya hapo alitengeneza mashine za kukatia nyasi katika banda lake mpaka alipofika miaka sabini na tano.

Mumewe, marehemu Russell Hornyak, dereva wa lori la maziwa, alikutana naye kwenye uwanja wa shabaha wa klabu yetu ya wawindaji. Russell mwenyewe alipenda kuisimulia. Alimpa bastola yake aijaribu, akamwambia, "Iko tupu." Dada akaipokea, akatoa magazini, akavuta, akatazama, akagusa.

"Si nimekwambia iko tupu?"

"Umeniambia. Sasa nimeona."

Russell alikuwa akimalizia hivi: "Nikajua nimepata mwanamke ambaye sitamdanganya hata siku moja, basi nikaona nimuoe mapema nipumzike." Walifunga ndoa tarehe 8 Oktoba 1966 katika kanisa hili, karamu ikafanyika ukumbi wa zimamoto, na kabichi zilizofungiwa nyama ndani alizipika mama kwa sufuria saba. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Joanne. Russell alitangulia mwaka 2008.

Sasa nije kwenye bastola, maana najua nusu yenu mmekuja kwa ajili ya hizo.

Marehemu hakuwahi kumiliki bastola mpya. Alisema mpya hununuliwa na yeyote mwenye hela, lakini ya mtumba lazima uijue. Alizipenda hasa zile ambazo idara za polisi huziuza zikishabadilisha silaha. Wengi hawazitaki kwa sura, maana rangi imeliwa na mifuko ya ngozi ya kubebea bastola kiunoni. Dada alikuwa anajua kwamba askari hubeba sana na hupiga kidogo, kwa hiyo nje imechakaa na ndani bado ni kijana. Katika maonyesho ya silaha kwenye ukumbi wa zimamoto, kila masika, alikuwa akienda moja kwa moja kwenye meza ya Orville Tasker, ambaye yuko hapo safu ya tatu na ataniunga mkono.

"Hii umeitoa wapi, Tasker, shimoni?"

"Mama, hiyo imekaa kiunoni kwa askari miaka kumi na mbili. Ni imara."

"Kiuno nakiona. Alipiga mara ngapi?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Basi nyamaza niiulize yenyewe."

Anawasha kitochi chake, anachungulia mtutu, anapima springi kwa kidole gumba, anasikiliza chuma kikirudi. Tasker anasimama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Kisha dada anasema, "Huyu askari alipiga siku ya mtihani wake tu, tena kwa kusukumwa." Na anaichukua. Mara chache sana alikosea, na alipokosea hakurudisha. Aliiweka benchi, akabadilisha springi, akang'oa kutu kwa pamba na mafuta wiki nzima, mpaka ikapiga alivyotaka.

Zilifika kumi na tisa. Zote zilikaa kwenye kabati la chuma katika chumba cha chini ya nyumba, kila moja na kikaratasi alichoandika kwa mkono wake. Nakumbuka kimoja: "Inavuta kushoto kidogo. Ivumilie." Kila Jumamosi alichagua mbili, akabeba mikate ya nyama ya nguruwe na chupa ya kahawa, akaja klabuni. Hatua ishirini na tano, risasi tano, na ungeweza kuyafunika matundu yote kwa kifuniko cha chupa ya mtindi. Wanawake wengi wa mji huu walijifunza kwake. Alisimama nyuma yao, mkono begani, na hakumpigia kelele hata mmoja. Kelele zote aliniwekea mimi.

"Emil, unaiogopa au unaipiga?"

"Naipiga, dada."

"Basi fumbua macho, kijana."

Nilikuwa na miaka sitini na nane.

Mwezi Aprili 2020 daktari alimwambia ana ugonjwa wa kusahau. Alinieleza mwenyewe, tumesimama bandani, akifuta mikono. Hakulia. Akaniambia, "Kila Jumapili baada ya misa utakuja. Nitaweka risasi za bandia kwenye magazini, nitaifungua bastola mbele yako. Siku nikianza na kitu kingine badala ya magazini, uniambie. Usimwambie Joanne, usimwambie padri. Niambie mimi, siku hiyo hiyo, na nitaacha."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu tangu udogo wako hujawahi kuniona nimekosea ukanyamaza. Sasa hiyo tabia yako mbaya itatufaa."

Nikaahidi. Tukapeana mikono, jambo ambalo hatukuwa tunalifanya.

Jumapili sabini na kitu alifungua sawasawa. Nilikaa nikinywa kahawa na kumtania kwamba ananipotezea mchezo wa mpira. Tarehe 10 Oktoba 2021 alikaa mezani, akaichukua bastola, akavuta chuma nyuma, akakiachia kikarudi, kisha akatoa magazini, akaiweka chini vizuri, akasema, "Tupu." Haikuwa tupu. Mimi nilijua haikuwa tupu. Hakutazama na hakugusa.

Ndugu zangu, nilinyamaza.

Nilimuuliza kama anataka kahawa nyingine. Alikuwa amependeza siku ile, amevaa blauzi yake ya kanisani, na alikuwa na furaha, na nilijua neno langu litamvua kitu ambacho ndicho kilikuwa kinamtoa kitandani. Nikajiambia amechoka tu. Jumapili iliyofuata alifungua sawa, nikamshukuru Mungu kama mjinga. Iliyofuata alikosea. Iliyofuata hiyo alikosea tena. Nikawa nakunywa kahawa yangu.

Jumamosi tarehe 6 Novemba tulikuwa klabuni, yeye, mimi na Tasker, na risasi zilikuwa za kweli. Alimaliza kupiga, akasema anaifungua. Akavuta, akaachia, akatoa magazini, akabonyeza triga kulegeza springi kabla ya kuirudisha nyumbani kabatini. Ikalia. Lakini miaka sitini na saba mtutu wake haukuwahi kuelekea kwa mtu, na siku ile pia ulielekea kwenye tuta la udongo, na risasi ikaingia udongoni. Kichwa kilikuwa kimesahau, mkono bado unajua. Hakuna aliyeguswa.

Aliiweka mezani. Hakumtazama Tasker. Alinitazama mimi.

"Emil. Ilianza lini?"

"Wiki nne, dada."

Hakunitukana, na hapo ndipo nilipotamani anitukane. Alinipa funguo za kabati tukiwa garini. Sheria ya hapa haimruhusu dada kumkabidhi mdogo wake bastola hivi hivi, basi Jumatatu tulizipakia zote kumi na tisa tukazipeleka dukani kwa Tasker, naye akaandika makaratasi, na dada akatia sahihi moja moja, na kila moja aliifungua kwanza. Tasker alikuwa anachomoa magazini mapema ili dada asikosee. Dada alimwona, akamwacha afanye. Nyingi zimekwenda kwa wanawake aliowafundisha, na kila moja imekwenda na kikaratasi chake.

Mwaka 2022 alihamia nyumba ya wazee. Siku nyingi aliniuliza bastola zake ziko wapi. Wauguzi, watu wema kabisa, walinishauri niseme ziko kwa fundi, atatulia. Sikuweza. Huyu ni mwanamke aliyekagua kila alichoambiwa. Kwa hiyo nilimwambia ukweli kila alipouliza, wa bastola na wa zile wiki nne, na kila mara alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza. Siku nyingine alikasirika, akaniambia niondoke. Siku nyingine alicheka. Siku moja alinipiga kibao cha mkono, akasema, "Ungeua mtu," na alikuwa na haki. Mimi nilikuwa naomba msamaha ule ule, labda mara mia, na hakuna hata mmoja uliobaki naye mpaka kesho yake.

Jumapili tarehe 19 Mei mwaka huu wa 2024 alikuwa dhaifu, mapafu yamejaa. Hakuwa tena na uhakika mimi ni nani. Aliniuliza, na mimi nikamwambia tena yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kuna aliyeumia?"

"Hakuna, dada."

"Basi mbona unalia, bwana?"

Hakusema nami tena. Alifariki Jumatano tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi, Joanne akiwa ameshika mkono wake, marehemu akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Marehemu ameacha binti mmoja, Joanne, mkwe, Curtis, wajukuu wawili, Kendra na Wade, wanawake thelathini na mmoja wa mji huu wanaojua kufungua bastola kwa utaratibu, na mdogo mmoja, ambaye aliombwa neno moja tu katika maisha yake yote, akalichelewesha wiki nne.

Joanne, sasa umejua. Mungu amlaze mama yako pema, na mimi anisamehe mara moja tu, ila msamaha huo yeye aukumbuke.