Mama Kifundo na Mtihani wa Mguu Mmoja

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga. Alikulia kwenye rundo la viatu, ila yeye alipenda zaidi miguu.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari karibu na nyumbani, akawa mfungaji hodari wa netiboli. Akiwa kidato cha tatu aliteguka kifundo cha mguu. Mwalimu wa michezo akamwambia ajikaze, naye akajikaza, na tangu hapo mguu ule ukawa unateguka hata kwenye ngazi. Hasira hiyo ndiyo iliyompeleka chuo cha tiba ya viungo, akahitimu mwaka 1984.

Alifanya kazi hospitalini, kisha katika chumba kidogo chini ya jukwaa la uwanja wa mpira, chumba kilichonuka dawa ya kuchua na soksi. Wachezaji walimwita Mama Kifundo. Kwake, uvimbe kwisha hakukuwa kupona. Alimsimamisha mtu kwa mguu ule ule ulioteguka, macho yamefumbwa, kisha akaanza kumchokoza: hivi leo umechana nywele kweli? Mama yako anajua unavyocheza? Aliyecheka akatua mguu alirudishwa kwenye mazoezi ya kifundo, si uwanjani. "Uwanjani hakuna atakayekunyamazia," alisema. Makocha walimnunia, lakini haraka haraka haina baraka, na wengi walilijua hilo baada ya kumpoteza mshambuliaji.

Mumewe alikuwa golikipa, tena mbishi. Aliteguka, akatoroka mazoezi, akateguka pale pale. Siku ya mtihani wake, akiwa amesimama kwa mguu mmoja na macho amefumba, akaomba amuoe. "Ukitua mguu sijibu," marehemu akasema, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi alimkuta bado amesimama, jasho linamtiririka, anatetemeka mwili mzima. Walioana tarehe 20 Agosti 1988, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2021 unyayo wake wa kulia ulianza kuburuta. Madaktari walisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha misuli, na hauna tiba. Mumewe hakusikia la mtu. Kila asubuhi alileta mpira wa mazoezi wa kuvuta, akamzungushia mguuni, akamkunja na kumnyoosha kifundo vile vile alivyofundishwa na mkewe, akingoja nguvu irudi kama ilivyomrudia yeye. Haikurudi. Ugonjwa ulihamia mguu wa pili, ukapanda mikononi. Binti mkubwa alimuuliza mama yake kwa nini hamwambii baba ukweli. "Anaujua," alijibu. "Mwache, mwanangu. Mikono yake isikose kazi."

Mwishoni sauti nayo ilikatika. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023 mumewe aliuweka mpira chini. Hakuwa na lolote tena la kufanya, na hilo lilimuuma kuliko yote. Akasimama kando ya kitanda kwa mguu mmoja, akafumba macho.

"Situi mpaka unijibu," akasema.

Marehemu alitabasamu, binti mdogo alimwona. Kisha pumzi ikakatika, taratibu, na baba bado amesimama, anatetemeka, macho amefumba. Binti mdogo akamshika kiwiko.

"Baba," akamwambia, "tua mguu."

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na wanamichezo wengi waliosimama nyuma ya jeneza hili kwa miguu mizima.

Mungu ampe pumziko la amani, yeye aliyewasumbua wengi ili wasimame.