Wasifu wa Mwalimu Jotham Mbaabu Kiambi, Aliyefundisha Seli kwa Mbegu

Mchungaji, wazee, walimu wenzake, wakwe zetu kutoka Embu na majirani wote, hamjambo. Naitwa Karimi. Marehemu ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Kwa kawaida kazi hii hufanywa na mtoto wa kwanza, lakini Mwalimu mwenyewe aliniteua mimi akisema nina sauti na sina haya. Wasifu huu umezidi kidogo urefu mliouzoea kwa sababu aliagiza ndani yake kuwe na somo. Mchungaji ameshaniambia jua linakwenda, nami nimemwambia linajua njia.

Mwalimu Mbaabu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa Ruiri, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kiambi na marehemu mama yetu Sabera. Alikuwa mtoto wa kupasua vitu ili aone ndani mna nini. Alipasua maganda ya maharagwe, akapasua redio ya baba, na siku moja akabandua ile ngozi nyembamba ya kitunguu akaielekeza juani aitazame. Mama alimchapa, kwa kuwa kitunguu chenyewe kilikuwa cha mwisho na wageni walikuwa wameketi.

Alianza shule ya msingi hapa Ruiri mwaka 1971 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1977. Sekondari alisomea Meru, kidato cha kwanza hadi cha sita, akamaliza mwaka 1983. Huko ndiko alikotazama kwa hadubini kwa mara ya kwanza, na walichowekewa kilikuwa ngozi ya kitunguu. Aliporudi likizo alitangaza mezani kwamba kitunguu kimejengwa kwa vyumba vidogo, ukuta kwa ukuta. Baba akamuuliza fundi ni nani. Akajibu kwamba hapo bado hawajafika kwenye silabasi. Mwaka 1985 alijiunga na Chuo Kikuu cha Kenyatta, akahitimu shahada ya ualimu mwaka 1988, masomo yake yakiwa biolojia na kemia.

Kazi aliianzia Embu, upande wa Runyenjes, mwaka huohuo wa 1988. Mwaka 1996 alihamishwa hadi Kiirua, na hapo akafundisha mpaka alipostaafu Machi 2024. Wengi wenu mlipita mikononi mwake. Mnakumbuka hakupenda mtu akariri. Alipofika mada ya seli na jinsi zinavyotengeneza protini, alifunga kitabu, akatoa sindano, nyuzi na mfuko wa mbegu.

Nitawaeleza alivyonieleza mimi niliyeishia darasa la saba. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, ndogo mno, zisizohesabika. Kila seli ina utando unaoizunguka, unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani yake mna majimaji yenye viungo vya kazi, kama kile cha kutoa nguvu kwenye chakula, na mna kiini. Katika kiini ndimo yanamokaa maagizo yote, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu kwenye uzi mrefu unaoitwa DNA. Uzi huo hautoki nje ya kiini. Seli ikihitaji protini fulani, hunakili kile kipande kinachohusika, na nakala ndiyo inayotoka. Huko nje nakala hushikwa na ribosomu, ambayo huisoma herufi tatu tatu. Kila herufi tatu zinataja asidi amino moja. Asidi amino huletwa moja baada ya nyingine na kuungwa kwa mpangilio uleule, mpaka zifikiwe herufi tatu zinazosema simama. Mnyororo ukikamilika hujikunja, na umbo lake ndilo linaloupa kazi. Upo wa kubeba hewa katika damu, upo wa kusaga chakula, upo wa kupigana na magonjwa.

Darasani alifanya hivi. Mwanafunzi mmoja aliketi ofisini na maagizo, haruhusiwi kutoka nayo. Wa pili aliyanakili akakimbia na karatasi hadi darasani. Wa tatu alisoma herufi tatu tatu kwa sauti, na wengine walitunga mbegu kwenye uzi: mahindi, karanga, maharagwe meusi ya njahi, kamande, mbaazi, ndengu. Asidi amino ziko aina ishirini na mbegu hazikufika idadi hiyo, basi akakamilisha kwa mbegu za malenge na vifungo vya shati. Mwaka mmoja mnyororo wa kundi moja ulikuwa na mapengo. Mwalimu akauliza karanga ziko wapi. Kijana mmoja, Munene, mdomo ukiwa bado unatafuna, akajibu, "Mwalimu, zimeyeyushwa."

Darasa lilicheka, lakini Mwalimu alimpa alama zote. Alisema Munene ndiye pekee aliyeelewa sehemu ya pili ya somo, kwamba protini ya chakula haiingii mwilini ikiwa nzima. Tumboni na kwenye utumbo hukatwakatwa ikawa asidi amino, halafu kila seli huzichukua na kuunga protini zake yenyewe kwa maagizo yake yenyewe. Ukila njahi, hugeuki njahi. Munene yuko hapa leo na ana duka la dawa Kiirua. Hiyo sehemu ya pili naomba muishike, kwa sababu nitaihitaji mbele.

Mwalimu alimpata mkewe kwa sababu ya mbegu hizohizo. Wanjugu, binti wa mzee Ireri, alikuwa akiuza nafaka soko la Runyenjes. Kila Jumamosi kijana mmoja mrefu alimjia akitaka kila aina ya nafaka, kiganja kimoja kimoja. Wanjugu alimuuliza mwenzake, "Kwani huyu anapikanga nini?" Mwalimu akasikia, akamkaribisha shuleni aje aone. Alikwenda, akaketi nyuma ya darasa, na mwisho wa kipindi akamwambia mnyororo wake umekosewa pale katikati. Ulikuwa umekosewa kweli. Walifunga ndoa kanisani tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa watoto wawili, Kiambi na Kawira. Mama yetu alinung'unika mwanzoni kwamba kijana wake amevuka mito yote hiyo kufuata mke wakati wasichana wa Ruiri wamejaa, lakini Wanjugu ndiye aliyemuuguza mama mpaka siku yake ya mwisho, na mama aliaga dunia akimwita mwanangu.

Ugonjwa ulianza mwaka 2023 kwa maumivu ya mgongo na uchovu. Mwezi wa Oktoba aliinama kuinua beseni la viazi, na mfupa wa mgongo ukavunjika hapohapo bila kuanguka wala kugongwa. Alipimwa Meru mjini, akapelekwa Nairobi, wakachukua uboho kutoka ndani ya mfupa. Ilikuwa saratani ya damu inayoitwa mieloma. Daktari alitueleza vizuri, lakini sisi tuliokuwa pale koridoni tulirudi nyumbani na sentensi moja tu, kwamba damu ya Mwalimu imejaa protini.

Sasa mnajua sisi. Kabla jua halijazama hapa Ruiri, ile sentensi ilikuwa imeota miguu. Shangazi mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa ameketi mstari wa tatu, alisema, "Si mmesikia daktari? Ni protini. Sasa nani anampikianga njahi kila siku?" Wanjugu anapika njahi, hilo halikanushwi. Ni mtu wa Embu na aliuza nafaka, na mumewe alizipenda kupita nyama. Ikawa basi. Mke amemlisha mume protini mpaka imejaa mifupani na kuipasua. Wengine waliongeza kwamba hata hizo njahi si njahi tupu.

Katika ukoo wetu hatumshtaki mtu kwa mdomo. Tunaacha tu kunywa chai yake. Watu walikuja kumwona mgonjwa, wakaketi, wakaomba, na Wanjugu alipoleta chai kila mmoja akawa ameshiba alikotoka. Mtu mzima anajua maana ya vikombe kurudi jikoni vikiwa vimejaa. Wanjugu aliacha kupika njahi. Akawa anampikia mumewe kabichi na viazi, ingawa daktari alikuwa amesema ale vizuri, na Mwalimu akazidi kukonda. Alipouliza njahi zimeenda wapi, mkewe alimwambia yanayosemwa. Mimi nilikuwepo. Kaka yangu alilia, mtu ambaye hakulia mgongo ulipovunjika. Aliniambia, "Karimi, nimefundisha watoto wa watu miaka hiyo yote, na nyumbani kwangu wameanguka mtihani."

Dawa zilimpa nafuu mwaka 2024, akastaafu kwa heshima akiwa amesimama kwa miguu yake. Mwezi wa Mei mwaka huu figo zikaanza kushindwa, akalazwa. Baba yetu mdogo, mzee Mwongera, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikwenda kumwona nikiwepo. Wanjugu alikuwa nje kwenye benchi na chupa yake ya chai, kwa sababu alikuwa amezoea kuwapisha jamaa. Mzee hakuzungusha maneno.

"Mbaabu, niambie ukweli. Huyu mama alikupatia nini?"

"Baba mdogo, keti kwanza," Mwalimu alisema. "Ndani ya mifupa kuna seli ambazo kazi yao ni kutengeneza kingamwili, protini za kupigana na magonjwa. Ugonjwa ukiisha, zinapunguza kazi. Sasa seli moja yangu iliharibika maagizo. Ikaanza kujigawa bila breki, na zote ilizozaa zinatengeneza protini moja tu, ileile, haina kazi yoyote. Zimejaa kwa mifupa, mifupa ikakuwa dhaifu. Hiyo protini ikamwagika kwa damu, ikaziba figo."

"Na hiyo protini haikutoka kwa njahi?"

"Hapana. Ata ningekula kabichi peke yake, ingetengenezwa tu. Maagizo ni ya seli, si ya sufuria."

"Basi nani aliharibu hiyo seli?"

"Hakuna mtu, baba mdogo. Seli zinanakili maagizo yao kila siku, na siku moja moja zinakosea. Mara nyingi mwili unasahihisha. Hii yangu haikusahihishwa. Madaktari wenyewe hawajui kwa nini."

 Mzee Mwongera akageukia mlango akaita, "Mama Kiambi, hakuna chai hapo?" Wanjugu aliingia akamimina. Mzee alikunywa, akaongezewa, akanywa tena.

Mwalimu alifariki Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Jioni iliyotangulia alikuwa na akili zake timamu, na aliniagiza mambo mawili. La kwanza, nisimsifu kupita kiasi. La pili, niwaeleze mliokataa chai, kwa sababu yeye hatakuwepo kuwaeleza na Wanjugu hataaminiwa akijieleza mwenyewe.

Nilidhani la pili halitakuwa na haja. Lakini Jumanne, kwenye mkutano wa matayarisho, palitolewa pendekezo kwamba baada ya mazishi Mama Kiambi aende Embu "akapumzike kwao". Kila aliyekuwa pale alijua kwamba mapumziko ya namna hiyo hayana tarehe ya kurudi. Mtoto wake Kiambi alisimama akatoka nje kwa hasira. Mzee Mwongera akasema pendekezo halitapita wala halitakataliwa mpaka Karimi asome wasifu, na kwamba neno hili lazima liishe leo, hapa, kabla ya udongo kurudishwa.

Basi nimesoma. Jamaa yetu amekufa kwa kosa lililotokea ndani ya seli moja, ambalo hakuna mkono wa mtu ulioweza kulitia wala kulitoa. Aliyelishwa njahi alilishwa kwa upendo, na njahi zilimsaidia kusimama kadiri alivyosimama. Kama kuna aliye na swali juu ya protini, aulize sasa, mchana, mbele ya marehemu na mbele ya wakwe zetu. Hapa nimejiandikia ninyamaze kidogo, nami nitanyamaza.

Ahsanteni. Kwa kuwa hakuna swali, naendelea na waliobaki.

Mwalimu Mbaabu ameacha mke, Wanjugu, Mama Kiambi, ambaye jina lake limechapishwa la kwanza kwa kuwa hapo ndipo mahali pake. Ameacha watoto wawili, Kiambi na Kawira. Mjukuu mmoja, Mbaabu mdogo. Dada mmoja, mimi Karimi. Baba mdogo, mzee Mwongera. Shemeji zake wa Embu wakiongozwa na Mwaniki. Na wanafunzi ambao hesabu yao aliijua yeye.

Mungu aiweke roho yake mahali pa utulivu. Lala, Mwalimu. Mkeo yuko nyumbani kwake, na haendi popote.