Bibi Celestine Aliyeisubiri Theluji

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki. Tumempoteza Bibi Celestine Wazhashk wa Ziwa la Korongo. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na minane. Themanini na minane, na ulimi ule ule mkali.

Ninyi mlimjua kwa supu yake ya mpunga wa ziwani, na kwa kumkatiza padri kanisani. Mimi namkumbuka kwa aibu yangu.

Februari alinisimulia hadithi ya kale aliyopewa na nyanya yake, nami nikainasa. Studioni nikaona imejaa kineno kimoja kidogo cha lugha yetu: giiwenh, giiwenh, kila akivuta pumzi. Nikakikata kila mahali, ili watoto wa shule waelewe haraka. Nikafuta na kanda ya awali. Nikajiona fundi.

Aprili nikampelekea. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani huyu anayesema?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi? Mimi nilikuwepo dunia ikiwa changa? We mtoto, umenifanya mwongo mbele ya nyanya yangu!"

Maana kwa kila giiwenh alikuwa anasema: ndivyo nilivyoambiwa, sikuona kwa macho yangu. Nilikuwa nimemfuta nyanya yake, na waliomsimulia nyanya yake.

Nikamwomba arudie palepale. Akaonyesha dirishani. Theluji ilikuwa imeyeyuka, na hadithi ile haisimuliwi ardhi ikiwa wazi, bila theluji. Hilo mnalijua.

Juni daktari akampa miezi mitatu. Mitatu tu! Mjukuu wake, Noreen, akamsihi: "Bibi, sema tu. Nani atakulaumu?"

"Wote waliosubiri kabla yangu. Na acha kunitazama kama maiti, lete chai."

Akasubiri. Mpunga ukavunwa, majani yakaanguka, naye akabaki mifupa na macho. Novemba tarehe sita, asubuhi, theluji ikafunika kizingiti. Noreen akanipigia: "Njoo upesi, ameshakaa kitako!"

Akasimulia kwa muda wa saa tatu, bila kuruka giiwenh hata moja. Alipomaliza akasema, "Haya, kata tena nikuone," akacheka mpaka akakohoa. Siku nne baadaye akatutoka.

Pole sana Noreen, poleni ukoo wote wa Wazhashk. Na wewe unayenisikiliza, jiulize leo: unachokijua ulipewa na nani, na je, huwa unamtaja?

Sasa naiweka kanda ya Bibi Celestine. Ni ya saa tatu, na sijagusa kitu.